Kuhusu Kijana Wenu Aliyekataa Programu Iliyo Tayari

Kwa Shangazi wa Bwana Harusi Mtarajiwa,
Matroni Mstaafu wa Wodi ya Wazazi,
Nyumba yenye geti la kijani.

Mkwe wangu mheshimiwa,

KUH: KIJANA WENU KUKATAA KITU KILICHOIVA NA KUPIKA KIBICHI SEBULENI KWANGU SIKU MBILI

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, na kama umesimama naomba ukae kwanza. Sisi huku ni wazima wa mwili. Habari za akili zetu nitazieleza katika lalamiko la pili.

Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe uliyemlea kijana huyu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na yeye mwenyewe anasema ukikohoa tu nyumba nzima hunyooka. Zimebaki wiki tatu amwoe binti yetu. Mpaka leo Jumatatu asubuhi hakuna kadi hata moja ya mwaliko iliyotoka, nami nimefika mahali pa kuomba harusi isimame kwanza mpaka kijana ajirekebishe. Sisemi hivi kwa hasira. Hasira ilikuwa jana. Leo nimeoga, nimekunywa chai, na bado nasema hivyo hivyo.

Chanzo chake ni kidogo mno. Nina orodha ya wageni mia moja na themanini ndani ya kompyuta yangu ya zamani, ile niliyopewa kiwandani siku ya kuniaga. Juzi Jumamosi kijana alikuja kutusalimia, nikamwomba anisaidie kuingiza majina kwenye kadi, maana mimi nilikuwa nayaandika kwa kidole kimoja na nilikuwa nimefika mgeni wa kumi na nne. Akajibu kwa adabu kwamba hiyo ni kazi ya dakika tano, ikiwepo programu inayoitwa ganda. Nilivyoelewa mimi, ganda ni ule uwanja mweusi kwenye skrini usio na picha wala vitufe: unaiandikia kompyuta amri kwa maneno, inatii, na unaweza kuiamuru ijaze kadi zote kwa mkupuo mmoja. Ganda nililokuwa nalo lilikuwa la zamani, likatakiwa jipya. Nikasema haya, leteni. Laiti ningekaa kimya na kidole changu!

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kijana alikataa kitu kilichokamilika. Programu hiyo inapatikana kwa njia mbili. Ya kwanza imeshaiva: unabonyeza, unakunywa maji, imekwisha. Ya pili ni mbichi: unaletewa maandishi yote ya watu walioitunga, yanaitwa msimbo chanzo, kisha kompyuta yako mwenyewe inayapika mpaka yawe programu. Nilisikia njia hizo mbili zikijadiliwa mezani kwa sauti ya chini, kijana na binti yangu wakiwa wamesogeza viti. Ikachaguliwa mbichi. Mkwe, mimi nimetunza stoo miaka thelathini na moja. Vitu vilikuja kwenye boksi, nikahesabu, nikasaini, nikapanga kwenye rafu. Sijapokea hata siku moja kiti kikiwa bado gogo. Furushi la kijana lilipofunguliwa yakamwagika mafaili mia kadhaa, moja limeandikwa jina lake Nisome. Likasomwa. Lote. Kwa sauti.

2. Tulipimwa akili bila kuombwa ruhusa. Amri ya kwanza ilikuwa ya ukaguzi. Kompyuta ikaanza kujiuliza na kujijibu yenyewe: hiki kipo? Kipo. Na kile? Kipo. Nikafurahi, kwa sababu hivyo ndivyo stoo inavyohesabiwa. Kisha nikamwomba kijana anitafsirie mstari mmoja uliokuwa unapita, akatafsiri: inakagua kama mazingira ya kazi yana akili timamu. Alaa! Mazingira ya kazi ni sebule yangu! Tulikuwamo mimi, mke wangu, binti yetu, na mama mkwe wangu aliyekuwa amesinzia kwenye kochi. Jibu likaja: ndiyo. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Wewe ni muuguzi, unajua mtu hapimwi bila ridhaa yake, hata kama majibu ni mazuri.

3. Kitu kimoja kilizaa vinne. Baada ya kututangaza wazima, ukaguzi huo huo ukagoma, ukasema kuna kifaa kimepungua. Kikatafutwa. Kumbe hicho nacho hakifanyi kazi bila kingine, kingine kinataka cha tatu, na cha tatu kinataka cha nne kilicho kipya zaidi. Ni sawa na mtu aje stoo kuchukua msumari, aseme msumari hautoki bila nyundo, nyundo haitoki bila seremala, na seremala hatoki bila shemeji yake. Mtu wa namna hiyo nilikuwa namfungia dirisha. Binti yangu masikini ndiye niliyemwonea huruma. Tangu asubuhi alikuwa kwenye stuli pembeni ya mchumba wake akimtia moyo, penseli mkononi, akimwonyesha kwenye skrini kila alipokosea kuandika. Mnajua yeye ofisini kwao ni mpiga chapa, kwa hiyo jicho lake kwa makosa ni kali. Hata chakula cha mchana alikula kwa mkono mmoja ili asimwache mwenzake peke yake. Nimelea mtoto mwenye subira, na niliiona subira hiyo ikitumika vibaya.

4. Nilinyang'anywa feni. Mapishi yenyewe yalipoanza kompyuta ilipata joto, ikawa inavuma mpaka mama mkwe wangu akaamka na kusema tufunge maji, tangi limejaa. Meza ikasogezwa dirishani. Feni yangu, ambayo kila Jumamosi mchana ni yangu na hakuna asiyejua, ikageuziwa kompyuta. Mimi mwenye nyumba nikakaa najipepea kwa orodha ya wageni.

5. Kijana anadharau maonyo. Maneno yalikuwa yanapita kwenye skrini mbio kama watu wanaokimbia mvua, na katikati yake nikaanza kuona neno moja linarudi: onyo. Nikahesabu. Yalikuwa maonyo thelathini na saba mkwe, na pengine mengine yalinipita nikifuta miwani. Nikamshika mama mkwe mkono tutoke nje. Kijana wenu akasema, na hapa namnukuu neno kwa neno, usijali mzee, hayo ni maonyo tu. Tu! Kiwandani onyo moja liliwahi kunifanya nivae kofia ya chuma mwezi mzima. Je, binti yangu akimwonya mara thelathini na saba kuhusu jambo la nyumbani, naye atasema tu?

6. Majaribio. Jumapili adhuhuri nikaambiwa imeiva. Nikapiga makofi. Kumbe bado, lazima ijaribiwe kwanza, na si kwa jaribio moja wala kumi. Elfu moja mia mbili na nne! Sita yakashindwa. Nikasema kwa upole kwamba basi turudishe mzigo kwa mwenyewe. Wakaangaliana, binti akanong'ona kitu, na kijana akanijibu kwamba hayo sita si kitu. Nilipokuwa kazini vikipungua vifungo sita vya koti naandika maelezo kurasa mbili. Mtu ambaye sita kwake si kitu, mimi nitalalaje usingizi nikijua ndiye atakayewapeleka wajukuu zangu shule na kuwahesabu wakati wa kurudi?

7. Alitaka mamlaka yote. Mwisho wa yote akaomba neno la siri kuu, lile linalomfanya mtu awe bwana wa kompyuta nzima, aweze kuweka na kufuta chochote. Neno hilo sijawahi kumpa mtu. Nikapiga moyo konde nikamnong'oneza. Akaandika na kwenye skrini hakikuonekana kitu, hata nukta. Mpaka sasa sijui lilikwenda wapi. Kisha programu ikaingia mahali pake kwa sekunde nne. Siku mbili za kupika, sekunde nne za kupakua!

8. Nilifungiwa nje ya kompyuta yangu. Hili ndilo lililonimaliza. Waliamua ganda jipya liwe ndilo la kunipokea mimi kila ninapoingia, lakini kompyuta ikaelekezwa kwamba ganda linakaa chumba kimoja, na wao walikuwa wameliweka kingine. Basi naandika jina langu, kompyuta inanikubali vizuri tu, inakwenda kunitafutia ganda, haikuti mtu, inanitoa nje. Narudia, inanikubali, inanitoa. Mara saba! Orodha ya wageni ikiwa ndani! Binti yangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, nikajua anaficha aibu ya mchumba wake. Nilikwenda kulala saa moja na nusu, jua lina muda mfupi tu tangu lizame, bila kumuaga mtu.

9. Sasa naomba tufikirie pamoja, mkwe, bila kutia chumvi. Mtu anayekataa programu iliyoiva atakubali vipi nyumba ya kupanga? Atataka mchanga. Kitanda atataka mti, na kabla ya mti atasema kuna kitu kimepungua kwenye udongo. Siku ya harusi, ataulizwa mbele ya watu mia na themanini kama amekubali, naye ataanza kwanza kukagua kama ukumbi una akili timamu. Mtoto akizaliwa, atamfanyia majaribio elfu moja mia mbili na nne, na akishindwa sita sitaki hata kusikia atasema nini. Halafu siku binti yangu anarudi kutoka kazini amechoka, ataandika jina lake mlangoni, atakubaliwa, na atatolewa nje.

Kwa hiyo naomba umwite kijana nyumbani, umkoholee kidogo, na umpe karatasi aandike kwa mkono wake kwamba kuanzia sasa atapokea vitu vikiwa vimekamilika kama watu wengine. Asaini, nawe usaini kama shahidi. Karatasi isipokuja kabla ya Jumapili, harusi isimame. Nitaumia, kwa sababu binti yangu anampenda na hata mimi nilikuwa nimeanza kumzoea. Ila baba ni lazima aangalie mtoto wake anakabidhiwa kwa nani.

Nisalimie mjomba anayesumbuliwa na kikohozi, nisalimie dada yake kijana na yule mtoto wake anayeuma watu, wauguzi wote uliofanya nao kazi, fundi anayeshona suti (mwambie asikate kitambaa kwanza), na jirani yenu aliyejitolea viti. Msalimie na kijana mwenyewe. Sina ugomvi na mwili wake.

Ni mimi ninayetaka sana tuwe ndugu,

Baba wa Bibi Harusi Mtarajiwa,
Mtunza Stoo Mkuu (Mstaafu).

Baada ya sahihi, Jumatatu jioni:

Mkwe, barua zangu zote husomwa kwanza na mke wangu kabla ya bahasha kufungwa. Hii ameisoma amesimama, halafu amekaa, halafu ameniuliza kama siku zile mbili nilikuwa sebule ile ile au nyingine.

Anasema aliyechagua msimbo chanzo ni binti yetu. Kijana wenu alimsihi mara tatu wachukue ile iliyoiva, akakataliwa mara tatu, kwa sababu iliyoiva haielewani na kompyuta ya zamani kama yangu. Aliyesoma kwa sauti alikuwa anasoma kwa kuamriwa. Maonyo, yale majaribio sita, feni, yote ni maamuzi ya binti. Hata kompyuta kuelekezwa chumba kisicho na ganda ni kazi yake, na ndiyo maana alicheka vile: alikuwa anajicheka. Kijana alikuwa mikono tu. Leo mchana, mimi nikiwa chumbani nakuandikia, binti amelirekebisha lile la chumba, ameamuru, na kadi zote mia na themanini zimetoka kabla sijamaliza lalamiko la tano. Nilisikia mlio wa mashine ya kuchapa nikadhani ni cherehani ya jirani.

Na kuna lingine. Binti yangu si mpiga chapa. Mke wangu anasema ndiye anayewaongoza watu tisa wanaotunga programu pale ofisini kwao. Miaka minne nimewaambia watu anachapa barua, wewe ukiwa mmoja wao. Hakuwahi kunisahihisha, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Nilitaka kuichana barua hii. Mke wangu amekataa katakata. Anasema iende kama ilivyo, ili wakwe wajue mapema wanajiunga na nyumba gani.

Basi nakuomba, mkwe, na hapa nimevua kofia: usimwite kijana. Usimkoholee. Harusi isisimame hata dakika moja, fundi akate kitambaa. Malalamiko yote tisa ni ya kwetu, na kama baada ya kuyasoma ninyi ndio mnaosita, nitakuja mwenyewe kupiga magoti getini. Wa kumwoa binti yangu pengine wangepatikana wengine. Wa kukaa naye siku mbili akijua binti huyu anafanya kazi gani, mpaka leo amepatikana huyo mmoja, na mimi baba yake ndiyo kwanza nataka kuanza.