Smuthi ya Mama Patrick

Jamani, leo nimeaibika mpaka nimekosa pa kuficha uso. Acha niandike mwenyewe kabla Patrick hajawaambia, maana yeye atatia chumvi.

Patrick ndiye mchumba wangu. Jumamosi hii watu wake wanatakiwa kuja kwetu Bukura kujitambulisha. Kila kitu kilikuwa kinamngoja mama yake, ambaye tangu anione mara ya kwanza hajasema ndiyo wala la. Alisema tu, "Mm." (Wewe jaribu kulala na jibu kama hilo.)

Leo asubuhi akanipigia simu mwenyewe. "Fridah, njoo town tukule kitu. Sisi wawili tu. Usimwambie Patrick."

Nikashtuka. Huyu ni mama wa Iguhu anayesema chakula cha hoteli ni cha watu wasio na jiko. Na mahali alipochagua sasa! Kamkahawa kadogo ndani ya mall, ka sandwichi na smuthi. Nikajiambia, Fridah, kuna kitu hapa. Nikavaa rinda langu la kanisa, nikaenda.

Nilimkuta meza ya pembeni, mgongo kwa ukuta, mkoba kwa mapaja.

"Mulembe, Mama."

"Mulembe. Umekula kwenu?"

"Bado."

"Vizuri."

Vizuri kwa nini? Tumbo langu likiwa tupu yeye anafaidi nini? Akanituma kaunta niagize. Nikaagiza sandwichi mbili za kuku na smuthi mbili za kijani, nikarudi nikiwaza. Kwetu mtu akikukaribisha kinywaji, yeye huonja kwanza ndipo akupe, ujue hakuna kitu ndani. Lakini mama wa mchumba wako utamwambiaje aonje glasi yako, Jumamosi ikiwa hapo tu? Huwezi.

Chakula kikaja. Mama akafunua mkate, akachungulia ndani.

"Hii ni ingokho gani haina mfupa?" akamuuliza msichana aliyeleta. "Bila mfupa nitajuaje ni kuku?"

Msichana akacheka. Mama hakucheka.

Nikaenda kunawa mikono. Juu ya sinki kuna kioo, na kwa kile kioo nikamwona mama akifungua mkoba. Akatoa kikaratasi. Akamwaga unga wa rangi ya udongo kwa glasi, akakoroga na kidole. (Kidole!) Glasi zilikuwa zimekaribiana, sikuona vizuri ni ipi. Lakini nani hujitilia vitu mwenyewe? Ni yangu! Nikainama, nikanawa mara ya pili ili nipate muda wa kufikiri.

Nilirudi nikitabasamu. Bahati nzuri simu yake ikalia, akatoka mpaka mlangoni kutafuta network. Sikungoja. Glasi yake hapa, yangu pale. Kwisha! Nilijiona mjanja ajabu.

Akarudi, akanywa. Nikamkazia macho. Akameza, akapangusa mdomo, hakuna kitu. Mimi kwa raha ya ushindi nikanywa yangu mpaka chini. Ilikuwa chungu kidogo, lakini nikasema ni hizi mboga za watu wa town.

Tukala, tukaongea. Mahindi, kwaya, bei ya mbolea. Baadaye sana kitu kikanguruma. Mama akatazama dirishani.

"Mvua inakuja," akasema.

Haikuwa mvua.

Akakunja uso. "Lakini hii dawa ya leo mbona imelala?"

"Dawa gani, Mama?"

"Ya kusafisha tumbo. Nimefunga choo siku nne. Ni chungu hiyo, nikaitia kwa smuthi yangu. Mzee wa dawa aliniapia haichukui hata saa moja."

Smuthi YAKE. Woi, mayi!

Ufunguo wa choo cha pale hukaa kaunta, umefungwa kwa mwiko mkubwa wa ugali usipotee. Nikaunyakua. Nikapita duka la viatu, nikapita duka la simu, rinda nimelishika juu, mwiko mkononi. Askari wa mlangoni akapiga kelele, "Madam, nani amekukosea?" Watu wakanipisha. Wengine walitoa simu, kwa hivyo mkiona video, ndiyo, ni mimi.

Nikiwa ndani, mlango ukagongwa.

"Fridah."

"Naam, Mama."

"Ulikunywa ya kwangu?"

Tumbo likajibu.

"Nilikuona ukitia kitu," nikasema. "Nikafikiri..."

"Ulifikiri nakuroga."

"Ndiyo, Mama. Nikabadilisha glasi. Nisamehe."

Nikajua Jumamosi imekwenda, na Patrick pamoja nayo. Nikalia pale pale nilipokaa, nikizungukwa na harufu yangu mwenyewe.

"Kwani ungeniambia nionje ungekufa?" akasema. "Si sisi tunaonjanga?"

"Niliogopa."

Akakohoa. Akasogea karibu na mlango, sauti ikashuka.

"Basi na mimi nikuambie. Ulipoenda kunawa, nilibadilisha sandwichi. Sikujua ulinong'onezana nini na yule msichana wa kaunta. Na hapa nilikuita kwa sababu hapa huwezi kunipikia."

Nikaacha kulia. Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea mlango, na mimi ndani nikacheka, jambo ambalo kwa hali yangu halikuwa la busara. Akanipitishia tishu chini ya mlango. Halafu nikamsikia kwa simu: "Patrick, mwambie baba yako Jumamosi tunaenda. Huyu ni wetu kabisa. Hapana, hawezi kuongea sasa."

Nimefika nyumbani, nimelala ubavu, nakunywa maji ya chumvi na sukari. Tafadhali asicheke mtu. Wageni ni kumi na wawili na nimeanza kupanga chakula.

Mama mkwe amesema nisihangaike na chai yake, atakuja nayo kwa themosi.