Msimamizi Mkuu wa Meno

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimepata kazi! Mjomba, kocha wa mieleka ya watoto, amenifanya Msimamizi Mkuu wa Kinga za Meno. Cheo nimekitunga mwenyewe. Yeye alisema tu nishike ndoo. Ndani ya ndoo kuna vikopo, na ndani ya kila kikopo kinga ya mtoto mmoja, kile kiplastiki laini cha kuvalisha meno. Sheria ni moja: kinga ikitoka mdomoni, mtoto anatoka mkekani.

Binamu, mwanawe Mjomba, kapewa filimbi. Ya plastiki, rangi ya chungwa. Anatembea nayo utadhani kapewa nchi.

Kazi hii lazima niiweze. Mama amesema tangu nimalize shule nimekuwa pambo la sebuleni, na nisipofaa ukumbini kwa Mjomba mpaka Jumamosi, siku ya mashindano, naenda kusaidia saluni kwa Shangazi. Saluni! Huko kila kichwa kinataka kuongeleshwa. Mimi jirani akinisalimia naviangalia viatu vyangu.

Sijakaa hata kidogo, balaa. Kifaru, mvulana mzito kuliko wote, kachomoka kwenye rundo la watoto akilia, mkononi alama za meno. Nani kamng'ata? Kila mtoto akaangalia dari. Mjomba akapaosha kwa maji na sabuni, akaweka barafu, akahakikisha ngozi haijachanika. Akawakumbusha kuwa meno ya mbwa hayaumani. (Mbwa hawajawahi kufundishwa na Mjomba.) Kisha akatangaza: aking'atwa mtu mwingine, mashindano basi, hatuendi.

Kwa kawaida mzazi huambiwa siku hiyohiyo. Mjomba akaniagiza nimweleze mama yake Kifaru, ambaye ni muuguzi na ana macho ya sindano. Alipotokea mlangoni, nilijiviringisha ndani ya mkeka wa akiba. Binamu akaeleza badala yangu. Na filimbi shingoni.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Nimepata akili! Mng'ataji alikuwa amevua kinga, maana kinga haiachi alama za meno. Nikimpata huyo, nimeokoka. Jana niliziangalia vizuri zile alama: kuna pengo upande mmoja. Basi leo nikagawa vipande vya mkate, kila mtoto ang'ate mara moja tu, anirudishie nilinganishe.

Maelezo niliyatoa kwa sauti ya mbu. Walichoelewa ni kwamba Dada (ndiye mimi) kaleta mkate. Ushahidi wote umeliwa! Kifaru akaomba nyongeza. Binamu akauliza kama kesho kutakuwa na chai.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Siku mbaya. Niandike haraka kabla sijalia.

Nilifungua vikopo nikasikia harufu. Nikajiambia, watoto wanavua kinga kwa sababu zinanuka, na wakizivua wanang'ata. Safisha kinga, umemaliza tatizo! Nikazikusanya zote, nikaziweka kwenye sufuria kubwa jikoni mwa ukumbi, nikazichemsha kama mama anavyochemsha chupa za mtoto mchanga. Nilijisikia mtaalamu. Hata nikafunika.

Nilipofunua, nilikuta uji. Uji wa rangi rangi. Zilizosalia na umbo zilikuwa zimekumbatiana, nyingine zimejikunja kama maganda ya machungwa. Kumbe kinga hulainika kwa maji ya moto! Ndivyo zinavyotengenezwa: unaichovya kidogo tu, unaing'ata, inashika umbo la meno yako. Kila mtu ukumbini alilijua hilo. Hata Kifaru.

Binamu alicheka mpaka filimbi ikalia yenyewe mdomoni. Mjomba aliangalia sufuria, akaniangalia mimi, akaangalia sufuria tena. Bila kinga hakuna mtoto atakayekanyaga mkeka Jumamosi. Mwishowe akatoa katoni ya kinga mpya alizoweka kwa msimu ujao. Akasema aliyeyeyusha ndiye atakayefinyanga. Kesho, mimi, mbele ya watoto wote. Kwa sauti.

Shangazi ameshaambiwa. Amenitafutia aproni ya waridi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Sikulala vizuri. Maji ya moto yakawa tayari, watoto wakanizunguka. Nikaona nisieleze, nionyeshe tu: nikachovya kinga yangu mwenyewe, nikaipachika mdomoni, nikang'ata. Na ajabu! Nikiwa na kinga mdomoni, haya yote ikaniisha. Nani atamcheka mtu ambaye tayari anatoa udenda? Nikawaamrisha kwa vidole na kwa kukoroma. Wakapanga mstari. Ng'ata. Nyonya maji. Hesabu. Toa. Ya kwanza ikakaa sawasawa, ya pili pia.

Akafika Sisimizi, msichana mdogo kuliko wote, ambaye huwa hasemi kitu. Kinga yake ikagoma kukaa. Nikamwambia afungue mdomo. Pembeni palikuwa na pengo, na ndani ya pengo jino jipya linachungulia, ufizi mwekundu kama nyanya. Maskini! Akaninong'oneza kuwa ile ya zamani ilimbana hapo, ndiyo maana alikuwa akiivua na kuificha ndani ya soksi. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema aliona haya.

Mtoto huyu nimewahi kumwona mahali. Kwenye kioo.

Halafu akatoa yote. Siku ile Kifaru alimlalia kifuani, pumzi hazitoki, kelele haziji, kilichokuwa huru ni meno tu. Nikaacha nafasi kwenye kinga yake kwa ajili ya lile jino. Nikamfundisha: ukibanwa, piga mkeka kwa kiganja, paa paa paa, mchezo utasimamishwa. Tukajaribu mpaka kiganja kikawa chekundu. Nikamwambia pia kwamba meno ni ya chakula. Akakubali, akaenda mwenyewe kumwomba Kifaru radhi. Kifaru akasema haikuuma sana, ila anataka kuiona hiyo soksi.

Ikabaki mama wa Kifaru. Mlango ukafunguliwa, mkeka wa akiba uko palepale, unaniita. Sikwenda! Nilimwendea moja kwa moja nikamweleza kila kitu, nani, kwa nini, tumefanya nini. Akaniangalia kwa yale macho, akaniomba kwa upole nitoe kwanza hicho kitu mdomoni. Nilikuwa nimekisahau. Nikarudia upya, na kwa kuwa nilishaanza, sikuweza kukoma. Aliposikia habari ya kulaliwa, akacheka. Akasema mwanawe akimlalia yeye kitandani asubuhi, hata yeye hutamani kung'ata.

Bibi yake Sisimizi naye nikamweleza. Ataliangalia jino. Nimeongea na watu wazima wawili kwa siku moja!

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Tulienda! Mwamuzi alikagua midomo yote, kinga zote zipo.

Halafu zamu ya Sisimizi. Mpinzani wake akamwangusha, akamlalia, mkono wake ukapita karibu na mdomo wa Sisimizi. Mkono mnono. Mjomba akashika kichwa. Binamu akauma filimbi. Mimi nikafumba macho.

Paa paa paa!

Mwamuzi akasimamisha. Mkono wa mpinzani ukainuliwa, mzima, haujaguswa na jino hata moja. Sisimizi kashindwa, na mimi nilishangilia mpaka watu wa upande wa pili wakadhani ni wao wameshindwa. Mjomba akapumua kama tairi lililotobolewa. Njiani kurudi aliniambia nije Jumatatu, ndoo ni yangu.

Aproni imerudi kwa Shangazi. Nimekula sahani mbili. Nina amani moyoni.

Jumapili, tarehe 9 Machi
Nimetafakari. Mafanikio haya yote yalianzia wapi? Kwenye sufuria! Nisingechemsha, zisingeyeyuka; na zisingeyeyuka, jino la Sisimizi nani angeliona? Watu walicheka, lakini njia yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Mjomba na Binamu walikuja kula mchana. Binamu alinipongeza, akaniita hata Msimamizi Mkuu, nikaona aibu kwa yote niliyoandika humu juu yake. Ameondoka akasahau filimbi yake mezani. Imejaa mate ya wiki nzima, jamani, hata rangi ya chungwa haionekani vizuri. Nataka nimshangaze kesho, aikute safi inang'aa.

Maji yameshaanza kutokota.