Vita vya Kiti cha Meza Kuu

Sogeeni, enyi watu wa Mbeya na Iringa! Acheni kupepeta mchele, ipueni hiyo sufuria, mpate kusikia habari za Lea binti Sosthenes, simba jike wa Uyole, aliyeipigania haki kwa mikono yake miwili katika ukumbi wa chuo kimoja cha Iringa, asubuhi ya baridi ya kukata masikio.

Ilikuwa Wiki ya Haki na Usawa. Mabango yalipepea kama bendera za majeshi. Meza kuu ilivikwa vitambaa vyeupe, na kiti cha mgeni rasmi, nacho kimevikwa, kilikuwa kitupu, kwani mgeni alikuwa angali njiani kama ilivyo desturi ya wageni rasmi. Na kule mlangoni Mama Batuli, aliyeufagia ukumbi huo tangu alfajiri, alisimama akiegemea ufagio, goti limemvimba, maana mabenchi yote yalijaa watetezi wa wanyonge.

Lea akamwona. Akainuka, akakivamia kile kiti kitukufu, akakinyanyua.

"We Lea!" akanguruma Ipyana, mshereheshaji, jemedari wa kipaza sauti. "Hicho cha mgeni rasmi! Unataka tuaibike?"

"Kwani mada ya leo nini, kaka?"

"Usawa! Usituharibie ratiba."

Akadaka miguu ya kiti, Lea akang'ang'ania mgongo. Wakavutana kufa na kupona, hata kitambaa kikaanguka sakafuni.

"Mwanangu, acha tu," Mama Batuli akasihi. "Mimi nimezoea kusimama."

"Ndiyo maana siachi, mama."

Tahamaki, mgeni rasmi akaingia, Bi Frida, mwanamke wa makamo. Akatazama kiti kilicho hewani, akatazama lile goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kaa, mama yangu. Mimi nimekuja kuhutubu, na watu huhutubu wamesimama."

Mama Batuli akakaa. Na kwa kuwa mgeni rasmi hakuwa na pa kukaa, hotuba yake ikawa fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa ukumbini humo, ikashangiliwa mno.

Ipyana naye, jemedari aliyeshindwa, akakiokota kitambaa, akakikung'uta vumbi, akamfunika nacho Mama Batuli magotini.

Basi wenye kuandika historia na waandike: siku ile, Iringa, Mama Batuli alikaa.