Dada wa Kijiko Hanioni

Jumatatu, 4 Mei
Nimependa! Tena mtaroni, beleshi mkononi. Ameletwa dada mpya wa kuendesha kijiko, ule mtambo mkubwa wa kuchimba. Miwani myeusi, mikono mepesi! Kikwazo ni mwongoza mitambo, tunayemwita Filimbi kwa filimbi yake ya shingoni. Kazi yake kusimama pembeni na kumwonyesha dada kwa ishara: njoo, rudi, simama. Yaani wanatazamana kutwa nzima! Mimi? Nimepewa toroli.

Jumanne, 5 Mei
Asubuhi Filimbi katuhubiria. Tusivuke utepe mwekundu. Tusipite nyuma ya kijiko. Anayetaka kupita asubiri dada amwone, ashushe ndoo ya kijiko chini, ampungie mkono. Ampungie mkono! Mengine sikuyasikia.
Nikasimama kwenye utepe, meno yote nje. Ndoo ikashuka. Mkono ukapunga! Sikupita ng'o. Nikapunga na mimi. Akapunga tena. Nikapunga tena. Nyuma malori yakapanga foleni yakipiga honi. Msimamizi akauliza kama jua limenipanda kichwani.

Jumatano, 6 Mei
Filimbi alipogeukia lori, nikavuka utepe na toroli langu, chupa ya maji baridi juu. Zawadi! Nikafika ubavuni mwa kijiko, nikaita. Injini ikanguruma. Nikaita tena. Kumbe upande ule mkono wa chuma unamziba. Haoni hata tembo. Ghafla mtambo ukazunguka. Kisogo chake cha chuma kikanipita puani, kikalibana toroli ukutani. Likawa bapa! Filimbi akapuliza filimbi yake mpaka masikio yakauma. Nikaketi topeni. Nadhani nilimwita mama.
Injini ikazimwa. Dada akashuka. Akaja kwangu! Akavua miwani.
"Kaka yangu, ungekufa ningeishije mimi? Usipoyaona macho yangu, jua na mimi sikuoni."

Alhamisi, 7 Mei
Nimeshushwa cheo: nafagia getini. Filimbi kaniletea soda, kanipa pole. Mnafiki! Anaogopa ushindani.
Nyumbani shangazi kanikanda mgongo huku akinisema. Eti sikio la kufa halisikii dawa. Langu linasikia vizuri sana. Limesikia "kaka yangu". Limesikia "ningeishije mimi".

Ijumaa, 8 Mei
Ushindi! Msimamizi alisema nitarudi mtaroni nikizitaja kanuni zote mbele ya wenzangu. Nikazimwaga kama maji: utepe, macho, ndoo chini, mkono, usipite nyuma. Wakapiga makofi. Hata Filimbi! Dada pia, na safari hii alitabasamu.
Jumatatu dada anahamia mtambo wa kushindilia barabara, wenye gurudumu la chuma kama pipa. Nimeutazama vizuri. Hauna kisogo cha kuzunguka. Unakwenda taratibu kama bibi harusi. Nikiinama mbele yake kufunga kamba za viatu, atashuka tu!