Daktari wa Rangi na Miti ya Paina

Sedekia aliingia kliniki amenuna, akatoka anapiga mluzi. Dada yake, mwenye mimba kubwa, ndiye aliyemburuta pale ili amshikie mkoba, naye akakaa kwenye benchi la kina mama kama kuku aliyelowa, anasubiri yaishe. Mara nesi akasimama mbele na kuanza kufundisha.

"Mafuta ya kujichubua myaache," nesi alisema. "Mengi yana zebaki, yamepigwa marufuku. Yanapenya kwenye ngozi, yanaingia kwenye damu, yanamfikia mtoto tumboni. Yanaweza kumwumiza mtoto, na wewe mama yakakuharibu figo. Tumeelewana?"

Kina mama wakaitika, lakini kila mmoja akakunja vidole kuficha viungo vyeusi kwenye mkono mweupe. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Sasa nikiacha si nitabaki na mabaka kama paka?"

"Wangetengeneza basi ya wajawazito," mwenzake akajibu. "Hakuna mtu wa kutuhurumia."

Mtu mwingine angesikia pale huzuni. Sedekia alisikia mlango wa duka ukifunguliwa.

Jioni ile alikuwa chumbani kwake, amevaa glavu mpaka kwenye viwiko na leso puani. Alikuwa amenunua kwa ndoo yale yale mafuta yaliyopigwa marufuku, akayakoroga na mafuta ya mgando, akatia manukato ya mchaichai ili kuua harufu, akayapakia kwenye vikopo, na vikopo kwenye maboksi. Kwenye kila kikopo akabandika picha ya mtoto anayecheka, aliyoikata kutoka kwenye paketi za nepi. Jina akalipata wakati ananawa mikono kwa mara ya tatu: Nuru ya Mama. Kuyapata hayo yote aliuza redio, godoro, na hatimaye kitanda chenyewe. Kwa hiyo yale maboksi yakidoda, na yeye alikuwa wa kulala sakafuni, na baridi ya Mbeya haina mzaha.

Mbeya yenyewe hakuweza kuyauza. Alikwisha kuwauzia watu wa mtaani kwake dawa ya kurefusha watoto, na watoto walikuwa bado pale pale, kimo kile kile, na baba zao walikuwa warefu wa kutosha. Akapakia maboksi kwenye basi la Iringa, akashuka nayo Nyololo, mahali ambapo hakuna aliyemjua, siku ya mnada.

Ukungu ulikuwa haujainuka. Kina mama wamejifunga vitenge juu ya masweta, wamepanga viazi na maharage, moshi wa mahindi ya kuchoma umelala chini. Sedekia akavaa koti jeupe, akajitundika shingoni kile chombo cha kusikilizia moyo, ambacho upande mmoja hakikuwa na sikio, akapanda juu ya kreti la soda.

"Kamwene, kina mama!"

"Kamwene!" wakaitika, wakicheka jinsi salamu ya Kihehe ilivyokwama kwenye ulimi wake wa Kinyakyusa.

"Mimi ni Dokta Sede, mtaalamu wa rangi ya mama na mtoto! Mafuta mengine yote yanaishia kwa mama. Hii Nuru ya Mama inapenya! Inaingia kwenye ngozi, inashuka kwenye damu, inamfikia mtoto mle mle alimo! Anazaliwa amekwisha kung'aa, manesi wanagombania kumbeba!"

Tazama jinsi mtu anavyoweza kusema ukweli akiwa katikati ya uongo. Nesi alisema maneno hayo hayo ili watu wakimbie, yeye akayasema ili waje, nao wakaja. Binti mmoja aliyeitwa Goodness, mimba yake ndiyo kwanza inaanza kuonekana, akanunua kikopo cha kwanza, akakificha ndani ya mtandio. Wengine wakafuata.

Jua lilipochomoza vizuri akaja mwanamke mmoja mpana, tumbo limetangulia, kikapu mkononi. Akachukua kikopo, akakizungusha, akakinusa, akakirudisha.

"Naitwa Matilda. Yamebaki mangapi, Dokta?"

"Maboksi sita, dada yangu. Unataka kimoja, au na cha akiba?"

"Yote."

Sedekia akashuka kwenye kreti ili asianguke.

"Umoja wetu wa kina mama una watu wengi," Matilda akaendelea, kwa sauti ya mtu anayechagua nyanya. "Na mimi hapa nabariki ndoa mwezi ujao, si unajua picha zinavyoumbua mtu? Ila fedha taslimu sina. Nina miti. Paina zimesimama, zimekomaa, karibu tu hapo. Kitalu kizima, kwa maboksi yote."

Sedekia hakujua kitu juu ya miti, lakini alijua juu ya mbao: alikuwa ameyaona malori yakishuka nazo kwenda Makambako usiku na mchana, na wenye malori wote wana matumbo. Kitalu cha paina kwa ndoo ya mafuta ya mgando! Akajilazimisha kukunja uso.

"Dada, unaniumiza. Dawa hii ni ya utafiti."

"Basi Dokta, tuache."

"Nani kasema tuache? Twende tukaione!"

Wakaenda. Miti ilisimama kwenye mteremko kama askari wa gwaride, mirefu, imenyooka, sindano zake zimetandika chini zulia la kahawia. Matilda akapitisha kiganja kwenye gome la mmoja.

"Hii nimeipanda kwa mikono yangu hii. Palizi ya kwanza nilikuwa na mtoto mgongoni, sasa huyo mtoto anavaa viatu vyangu." Akageuka. "Sasa Dokta, kwa desturi ya huku, miti hainunuliwi hivi hivi. Tunawaita majirani wa mpaka na mwenyekiti, tunatembea wote ukingoni, kila mmoja anasema miti yake inaishia wapi. Niwaite?"

Sedekia akapata picha: majirani, mwenyekiti, na katikati yao yeye na maboksi ya mafuta yaliyopigwa marufuku.

"Dada Matilda," akasema, mkono kifuani, "mimi na wewe ni waaminifu. Mashahidi ni wa watu wenye kutiliana shaka."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Sawa. Nimeuliza lakini."

"Umeuliza, dada. Ubarikiwe."

Mtu wa Nyololo, hata mlevi, hata mtoto wa shule, angekataa kununua hata ufito wa banda la kuku bila majirani wa mpaka. Sedekia akakabidhi maboksi yote jioni ile, na Matilda akamtafutia mpasuaji, shemeji yake Jailos, mwenye msumeno wa chensoo na jamaa mwenye lori.

"Chensoo yangu hainywi maneno, bosi," Jailos akamwambia. "Hela ya mafuta kwanza, na ya vijana wangu, na ya lori."

Mauzo yote ya mnada yakaishia kwa Jailos. Sedekia hakujali. Kichwani alikuwa amekwisha kununua kitanda chenye kioo kichwani.

Jumamosi asubuhi chensoo ikaanza kulia. Miti ikaanguka mmoja mmoja, harufu ya utomvu ikajaa, vijana wakapasua, mbao mbichi zikapangwa, nyeupe kama siagi. Sedekia akatembea katikati yake mikono nyuma. Mpaka mchana rundo lilikuwa limempita kimo, na alikuwa anamwuliza Jailos bei za Dar es Salaam, ndipo aliposikia kuimba.

Waliteremka kutoka barabarani, kina mama kwa kina baba, wamevaa nguo za ibada. Mbele yao mzee wa kanisa, Silvester, na mkononi ana mgolole mpya uliokunjwa, shuka la heshima la Wahehe. Vigelegele vikapasua msitu. Sedekia akatafuta njia ya kukimbilia, akaona upande wa pili nako inakuja kwaya. Jailos akazima chensoo, akafuta mikono, akaingia sauti ya besi.

"Ndugu zangu!" Mzee Silvester akasema wimbo ulipokwisha. "Miti hii ya usharika kina mama wetu waliipanda ili siku moja tujenge, pale kwenye zahanati yetu, nyumba ya wajawazito kungojea siku zao. Miti ikakua, fedha za kupasulia hatukupata. Leo dada Matilda ametuletea mgeni kutoka Mbeya, daktari, ambaye hakuombwa na mtu. Kalipa chensoo! Kalipa vijana! Na lori, ndugu zangu, kalipa mpaka lori!"

Wakamvika mgolole begani. Bibi mmoja akamshika mashavu akalia. Matilda akasogea kumpa mkono, tumbo likiwa kati yao kama meza ya mazungumzo.

"Umeniibia," Sedekia akanong'ona, meno nje kwa ajili ya watu.

"Nimekuibia nini, Dokta? Sema kwa sauti, wasikie."

"Mafuta yangu yako wapi?"

"Yule mwenye koti la kijani ni bwana afya. Maboksi yamefungiwa ofisini kwake, yanangoja kuteketezwa. Hata vikopo ulivyouza vimerudi. Niliwaambia umeleta mapya, warudishe ya zamani."

"Wamekubali?"

"Goodness amelia kidogo. Ni mdogo wangu yule. Nilimkuta anafungua kifuniko, kidole kimoja kimekwisha kuingia. Nikamnawisha mwenyewe, kwa sabuni ya kufulia. Mtoto wake wa kwanza, Dokta. Usingizi ungeupata wapi?"

Sedekia akaurekebisha mgolole begani.

"Bwana afya anauliza yametoka kwa nani," Matilda akaongeza. "Nimemwambia nitakumbuka mbao zikifika salama. Au nitasahau. Kichwa cha mjamzito, unajua tena."

"Dokta aseme neno!" watu wakapaza sauti. "Aseme! Aseme!"

Wakampandisha juu ya rundo la mbao. Sedekia akatazama chini: mabibi, wanakwaya, bwana afya na koti lake la kijani, na Goodness pembeni, macho yamevimba, mkono tumboni. Akakohoa.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi ni mtu mdogo tu. Nilipowaona kina mama hawa, moyo wangu ulinituma."

Vigelegele. Mzee Silvester akapangusa macho, akasogea karibu na rundo.

"Mwanangu, tusikuchoshe. Mbao tunazo sasa, Mungu akulipe. Ila nyumba bila kuezekwa..."

Sedekia akafungua mdomo ili aage aende zake stendi, akausikia mdomo wenyewe, uliozoea kuahidi tangu utoto, ukiahidi mabati, na misumari yake.