Kikombe ni Kikombe: Mkurugenzi wa Vipimo Azungumza na Waokaji

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa uliyenishikia mwavuli, waheshimiwa mlioketi kwenye viti vyenye mito, na ninyi waokaji wenzangu mlioketi juu ya magunia ya unga. Mimi, Mkurugenzi Mkuu wa Ujazo, Uzito na Mambo Yanayofanana na Hayo, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao ni wachache walio nao. (Makofi. Mtu anapiga chafya.)

Kabla sijateuliwa mlikuwa mnaoka kwa vikombe na kukadiria kwa jicho, hali iliyokwamisha fremuwaki nzima ya keki. Ndipo nikaunda kikosi kazi, kikakaa semina siku kumi na nne, kikajaza maji kikombe kimoja, kikapima, kikapata gramu mia mbili na hamsini. Nikasema, kikombe ni kikombe! Kiwe cha maji, cha sukari au cha unga, gramu ni zile zile, maana ofisi yangu haina ubaguzi. Nikatoa Waraka Namba Saba, ambao kwa mujibu wa data umepunguza utata kwa asilimia mia na nne. Hapo mnapiga makofi. (Makofi.)

Naona mkono. Simama, mama. (Mama anayeokea shule ya bweni: "Shikamoo, mheshimiwa. Mkate wangu unataka vikombe vinne vya unga. Waraka unasema hiyo ni kilo, basi nikamwaga pakiti nzima. Likatoka tofali! Mwalimu mkuu anasema nisipofuata waraka hapokei mkate, na nikiufuata watoto hawautafuni. Kesho nikikosea tena kazi anapewa mwingine, nami nina wanangu wanne. Mizani si hiyo hapo mezani kwako? Tupime kikombe kimoja tu.") Mama, haraka haraka haina baraka. Mizani haiguswi kabla ya uzinduzi wa mradi. Na huo unaouita ugumu sisi tunauita uimara; ni stekiholda gani anayechukia uimara? ("Meno!" Kicheko.)

Tulieni! Chini ya mradi wangu wa Mizani Kila Jiko, awamu ya kwanza tutagawa mizani elfu tisa, awamu ya pili tutafanya semina ya kuziwasha, na awamu ya tatu tutafanya tathmini ili kubaini kama awamu ya kwanza ilikuwepo. (Miguno.) Nikisema kikombe, mjibu gramu. Kikombe! ("Tofali!") Kikombe! ("Tofali!")

Nahitimisha kwa kumshukuru mwenye bucha wa mtaa wa pili, aliyetuazima mizani hii kwa ajili ya picha, maana zile elfu tisa hatujaziagiza, fomu ya kuziagiza haijachapishwa, na mradi wenyewe bado haujafunguliwa faili. Arudishiwe sasa hivi, wateja wake wamepanga foleni. (Mwenye bucha: "Watasubiri. Mimina unga wako, dada." Mama anamimina kikombe kimoja. Wote wanainama kutazama. Gramu mia na ishirini na tano. Vigelegele.)

Nusu? Hebu nione... Nusu kweli. Basi mama, usilie, nipeni kalamu. Waraka Namba Saba nimeufuta, na mwalimu mkuu apelekewe barua leo hii. Ila katibu, andika vizuri: ugunduzi huu umefanywa na ofisi yangu, baada ya utafiti wa miaka mitatu. Ahsanteni kwa kunisikiliza.