Mdomo Wangu Nimeutilia Saini

Jumatatu, 4 Machi
Nimeapa! Mbele ya hakimu wa familia, mkono juu. Sitamsema vibaya mtalaka wangu mbele ya watoto. Nikatia saini jina langu lote, sikuacha hata herufi moja. Hakimu akanionya: nikivunja ahadi, wanangu wawili huenda wakahamia kwa baba yao. Nikamwambia mheshimiwa asiwe na shaka, hata kikohozi changu hakitamtaja.

Jumanne, 5 Machi
Mdomo unaniwasha! Nilikuwa namsuka mteja nywele, mawazo kwingine, mstari ukaenda upogo. Akadhani ni mtindo mpya. Kashukuru! Hapo hapo wazo likanijia: kumsema vibaya nimekatazwa, kumsifu je? Jioni nikawaambia watoto baba yao si mtu wa papara. Hata kwenye harusi yetu alifika watu wameshakula, wananawa mikono. Binti mkubwa akanitazama kwa jicho la pembeni. Mdogo akachekelea. Raha iliyoje!

Alhamisi, 7 Machi
Leo nimemsifia mapishi. Nani mwingine anaweza kuunguza maji? Nikamsifia na sauti ya kukoroma, majirani hawakuhitaji redio. Kumbe mdogo anaamini yote! Nimemsikia kwenye simu akimwambia baba yake kwamba mama anamsifu kutwa kucha. Yalaa!

Jumapili, 10 Machi
Mtalaka kaja kuchukua watoto. Mapema! Kanyoa ndevu, ananukia mpaka barabarani, shati limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Akanambia, mama watoto, usione haya, habari zote zimenifikia, na moyo wangu sijaufunga kufuli. Mbele ya watoto! Kila jibu nililokuwa nalo lilikuwa la kumsema. Nikayameza yote, moja moja, kama vidonge. Ati akasema kimya changu kimetosha. Mdogo akapiga makofi. Binti mkubwa akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 11 Machi
Nimerudi mahakamani. Nikamwomba karani aniongezee ahadi nyingine, ya kutomsifu. Mama wa watu akacheka hadi miwani ikamdondoka. Akanambia, dada yangu, jaribu kunyamaza. Kunyamaza! Ushauri wa mtu ambaye hajawahi kuachika. Lakini wanangu bado ninao, mmoja kaniegemea bega hili, mwingine lile, tumeshiba. Nashukuru. Binti mkubwa amenisomea ile ahadi tena, neno kwa neno, polepole.
Mama mkwe hajatajwa popote humo. Mdomo umeanza kuniwasha tena!